Na vyombo vingine vilikuwako

Haya ndio niliyoongea Jumamosi kwenye kongamano letu la familia hapa Nyegezi. Wengi hamkuwepo, wengine mlikuwa msibani, wengine mlikuwa Kirumba mnaangalia mpira msinidanganye. Mmeomba niyaweke yote basi nimeyaandika kama yalivyotoka, nilipokosea pia nimeacha.

Bwana Yesu asifiwe!

Hapana, hiyo ni ya watu waliokula ubwabwa sasa hivi. Bwana Yesu asifiwe! Haya, sasa nawasikia. Wazee wangu shikamooni. Mwadila mayu, mwadila baba. Vijana mambo vipi, nawaona mmejibana kule nyuma karibu na mlango, najua kwanini mko mlangoni.

Mimi sio mchungaji, wengi mnanijua, nauza spea za pikipiki pale Mkuyuni, kama pikipiki yako imewahi kufa cheni umewahi kuniona na mikono yangu ya grisi. Mwenyekiti aliponipigia akasema mzee wetu tuongelee Mkristo na maisha ya jiji, nikamwambia mwenyekiti mimi jiji lenyewe linanishinda, kodi ya fremu imepanda, hiace ya Buhongwa asubuhi unaingia kichwa kwanza miguu inafuata baadae, sasa niwaambie nini watu? Akasema njoo hivyohivyo. Basi nimekuja hivyohivyo.

Fungueni Marko 4, mwenye simu afungue simu lakini asipitie WhatsApp njiani. Mstari wa 35. Yesu jioni anawaambia wanafunzi, "Na tuvuke mpaka ng'ambo." Hadithi mnaijua tangu Sunday school, dhoruba, mawimbi, Yesu amelala juu ya mto, wanamwamsha, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Anaamka, anaukemea upepo, kunakuwa shwari kuu. Sisi watu wa ziwani tunaipenda hii hadithi, hata kwenye mitumbwi kule Igombe unakuta wameandika SHWARI KUU kwa rangi nyekundu.

Tena hapa niseme kidogo nijisifu kwa niaba yenu. Ile bahari ya Galilaya ni ziwa la kilomita za mraba 166 hivi. Letu hili la Viktoria ni kama 68,800. Yaani Galilaya ingeingia humu zaidi ya mara 400 na nafasi ya kupitisha kivuko ingebaki. Kisiwa cha Ukerewe peke yake ni kikubwa kuliko ile bahari. Kwahiyo mtu wa Mwanza akisoma neno dhoruba hahitaji kuelezwa, sisi dhoruba tunaijua kwa harufu.

Sasa rudini mstari wa 36, mwishoni pale. Nani anisomee? Mama pale mbele, soma kwa sauti mama yangu. "Na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye." Asante. Soma tena. "Na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye."

Nimekaa kanisani miaka thelathini na kitu, nimesikia mahubiri ya dhoruba sijui mara ngapi, mahubiri ya ule mto, mahubiri ya imani haba, sijawahi kusikia hata siku moja mtu akihubiri vyombo vingine. Vilikuwa vya nani? Vilikuwa na watu wangapi? Upepo ulivyopiga, ulichagua mtumbwi wa Yesu peke yake? Hapana, ziwa halichagui, wale nao walilowa, nao walikuwa wanachota maji kwa mikono, na wao hawakuwa na Yesu ndani wa kumwamsha! Shwari ilipokuja ikaja kwa wote. Labda kuna mtu kwenye mtumbwi wa tatu kule alifika nyumbani akamwambia mkewe leo upepo umekata ghafla sijui imekuaje, akala akalala. Hakujua kabisa. Na Yesu hakumfuata kumdai ushuhuda.

Hilo tu ndilo nililokuja nalo leo. Vyombo vingine. Mwenye njaa ya mambo mengi atakuwa ameshiba huo ubwabwa.

Mama yangu alikuwa anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mimi nimekulia Igogo lakini shule yangu ya pili ilikuwa pale mwaloni, kazi yangu ilikuwa kupepeta dagaa mchanga utoke, maana dagaa wakianikwa chini wanabeba mchanga, ukimuuzia mtu wa mbali na mchanga wake harudi tena. Mama alikuwa na daftari la madeni, lile la kava gumu jeusi lenye mgongo mwekundu, na mama hakuandika majina, aliandika watu alivyowaona. Mrefu wa Musoma. Baba Gauni, huyo alikuwa anauza magauni ya mitumba. Yule wa Meno. Na kulikuwa na mmoja ameandikwa Mama Ndizi, huyu alikuwa anatoka upande wa Kemondo analeta ndizi na meli, akirudi anabeba dagaa gunia moja au mawili kwa mali kauli. Mwanamke wa kucheka sana. Mimi alikuwa ananiletea senene kwenye mfuko wa karatasi, kila akija.

Tarehe 21 Mei 1996, Jumanne, mnajua kilichotokea. Vijana mnaweza msijue, waulizeni wazazi wenu, nendeni Igoma kwenye yale makaburi. MV Bukoba ilipinduka asubuhi ikiwa karibu kabisa kufika. Meli ya abiria 430 ilikuwa imebeba watu wengi kuliko hao, na mpaka leo idadi kamili watu wanabishana, na sababu mojawapo ni hii nisikilizeni vizuri, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hawakuandikwa. Mtu analipa nauli, anapanda, anakaa na ndizi zake, hayupo popote kwenye karatasi.

Nilikuwa na miaka 19. Mama akafunga meza yake akaenda kule watu walikokuwa wanaulizia ndugu, mimi nikamfuata. Tulisimama sijui masaa mangapi, ikafika zamu yetu, kijana mmoja mwenye kalamu na macho mekundu ya kutolala akamuuliza, jina la ndugu yako. Mama akasema, Mama Ndizi. Yule kijana hakucheka, akauliza tena taratibu, jina lake, mama. Mama akanigeukia mimi, kama mimi ndio ningejua. Mimi ninayekula senene zake.

Tukatoka kwenye foleni.

Hakuonekana tena mwaloni. Labda alikuwemo. Labda hakupanda siku ile, biashara ikamshinda akaacha. Hatujui mpaka kesho. Mama amefariki na lile daftari ninalo dukani, limeandikwa Mama Ndizi 14,500 na ule mstari haukukatwa. Sio kwamba mama alikuwa anadai. Mama alisema siwezi kumkata mtu ambaye hata jina sikumuuliza.

Nipeni maji kidogo.

Sasa tuongee kuhusu Mungu na hesabu, maana hapa Wakristo tunazingua. Septemba 20, 2018, Alhamisi, MV Nyerere inatoka Bugolora inaenda Ukara, ilikuwa siku ya gulio, watu wamebeba mahindi, mifuko ya simenti, watoto. Kivuko cha watu 101. Waliokufa 228, waliookoka 41. Jumlisheni wenyewe. Wiki ile nikasikia mtu, tena mtu wa madhabahuni, anasema tusihoji haya ni mapenzi ya Mungu. Jamani! Kivuko cha watu 101 kubeba zaidi ya 260 hiyo nayo ni siri ya mbinguni? Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Msimsingizie Mungu. Mungu akikupa kichwa cha kuhesabu halafu usihesabu, usije ukamwamsha usiku unamuuliza si kitu kwako kuwa tunaangamia.

Mnakumbuka nani walifika kwanza pale? Wavuvi. Mitumbwi. Watu waliokuwa wanashughulika na nyavu zao wakaacha wakaja kuvuta watu majini. Vyombo vingine!

Haya twende Bukoba, Novemba 6, 2022, Jumapili asubuhi, sisi tukiwa ibadani, ndege inaangukia ziwani inakaribia kutua. Watu 43. Walikufa 19, wakapona 24. Na kijana mvuvi anaitwa Majaliwa Jackson, nchi nzima ilimjua jina, alipiga kasia akafika, na kwa alivyosimulia mwenyewe lile kasia ndilo lililosaidia mlango wa nyuma kufunguka. Kasia! Hakuuliza humo ndani kuna wa dhehebu gani, na sidhani kama ndani kuna mtu alimuuliza wewe kijana umeokoka? Walishika mkono wakatoka.

Kwahiyo siku nyingine wewe na Yesu wako mtumbwini mnaweza kuokolewa na chombo kingine. Hilo tunalimeza kwa shida kidogo, naona nyuso zenu.

Daraja je? Kuna anayetaka nisiliseme daraja? Tangu Juni 19, 2025 pale Kigongo unapita juu ya maji kilomita 3, dakika chache uko Busisi. Mimi nalipenda, nawaambia ukweli, nimeshawahi kukaa kwenye foleni ya kivuko na mgonjwa nyuma ya gari tunatoka Sengerema, nikawa nahesabu pumzi zake, kwahiyo asije mtu kuniambia habari za zamani ilikuwa raha. Ila mwezi uliopita nimepita naenda msibani nikajikuta namkumbuka kijana wa mayai ya kuchemsha, yule mwenye kachumbari kwenye kopo la blubendi, miaka nimekula mayai yake pale. Ameenda wapi? Simjui jina. Unaona ugonjwa wa mama na mimi ninao.

Na hapo ndipo nije kwangu mwenyewe, maana nimesema wengine vya kutosha.

Oktoba 2025. Tarehe 29, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata. Sitaki kufanya siasa hapa, sio mahali pake na mimi sina kifua hicho, ila nchi hii ina nyumba zilizozika watu siku zile, na ukiwa Mkristo huwezi kuruka hilo kama unaruka dimbwi. Intaneti ilikatika nchi nzima. Grupu letu la maombi kimya, grupu la ukoo kimya, watu wa Dar hujui wako hai au vipi. Sisi mtaani tulijifungia ndani. Redio chini chini. Tulikuwa tunasali kila jioni familia nzima, sijawahi kusali vile tangu niokoke, kwa machozi, Bwana ifunike nyumba hii, Bwana ifunike nyumba hii.

Usiku wa pili, kama saa nne hivi, tumetoka kusali, Biblia bado iko wazi mezani, tukasikia geti linagongwa. Taratibu. "Hodi jirani."

Nikazima taa.

Ngoja niwaambie kama ilivyokuwa, nisijipake mafuta. Nilizima taa kwa mkono wangu huu, nikawawekea watoto kidole mdomoni, nikasimama nyuma ya mlango bila kupumua. "Hodi jirani." Sauti ya mwanamke. Mke wangu akaninong'oneza ni yule wa geti la bluu. Nikasema kimya. "Hodi." Mara ya tatu. Halafu tukasikia kandambili zinaondoka kwenye kokoto, chwa, chwa, chwa. Nikarudi kukaa. Mimi mzee wa kanisa.

Asubuhi binti yangu ndiye alikuja na habari, alienda kuchungulia kama kuna vitumbua. Mtoto wa yule mama alibanwa kifua usiku, alikuwa anatafuta mtu mwenye pikipiki ampeleke hospitali. Mwenye pikipiki! Mimi nina pikipiki mbili ndani na duka zima la spea! Akapelekwa na nani? Na yule kijana wa bodaboda anayepanga chumba ng'ambo ya barabara, yule ambaye mimi nimeshawaambia wanangu msikae nae karibu, anavuta vuta, mziki wake mkubwa, Jumapili analala mpaka saa saba. Huyo ndiye alimpakia mama na mtoto akawapitisha vichochoroni mpaka wakafika. Mtoto yuko salama, anasoma chekechea, juzi kanipita na yunifomu yake hajui kitu.

Nilikaa siku nne ndio nikapata uso wa kwenda kule kwenye geti la bluu, nimebeba sukari kilo mbili na aibu yangu. Miaka sita tunaishi ukuta kwa ukuta. Nikamwambia mama, samahani, mimi jirani yako, naomba kujua jina lako. Akanitajia, sitalisema hapa sijamuomba ruhusa. Nikaanza kujitambulisha akanikatiza, hakukasirika hata, alisema tu kama mtu anayesoma bei ya kitu, "Wewe nakujua. Wewe si ndio yule mzee wa kanisa?"

Ndugu zangu ningetamani anitukane.

Nilivyorudi nilimwambia mke wangu, mimi nimemuandika yule mama kwa rangi ya geti. Sawasawa na daftari la mama. Halafu sala yangu ile ya ifunike nyumba hii, nyumba hii, nikaanza kuiogopa. Siku hizi nasema mtaa huu. Sijui kama Mungu anaona tofauti, ila mimi nikisema mtaa huu inabidi niwataje, na nikianza kuwataja nakuta simjui wa nyumba ya tatu, basi kesho yake inabidi niende nikaulize. Sala inanitoa nje ya nyumba. Yule kijana wa bodaboda nae nilimfuata, nikampa tairi la nyuma, akataka kulipa, tukabishana pale barabarani mpaka watu wakadhani tunagombana. Bado mziki wake ni mkubwa, sitawadanganya.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia, na hili la mwisho ni la sisi sote humu ndani.

Kuna dhoruba nyingine haziletwi na upepo. Zinaletwa na sisi. Mnajua nasema nini? Spika. Hizo mbili kubwa zilizoelekea nje. Kesha la Ijumaa saa tano usiku mpaka kumi na moja alfajiri, tunakemea, tunapiga kinanda, na nyuma ya ukuta huu, hatua ishirini tu, kuna nyumba za watu. Mwaka juzi alikuja dada mmoja getini, nesi, amevaa kanga juu ya gauni la kulalia, akasema naombeni mgeuze spika moja tu iangalie huku ndani, ninaingia kazini asubuhi. Tulikuwa wazee watatu. Tulimjibu nini? Mmoja wetu alisema, na aliyesema ni mimi, dada ukisumbuliwa na jina la Yesu jichunguze una nini. Tukacheka. Akaondoka.

Sasa tafakarini, mtu anaingia wodini hajalala, anashika sindano, anampima dawa mtoto wa nani? Mtoto wako. Wewe uliyekesha unamuombea mtoto wako umemnyima usingizi anayemtibu. Na injili aliyoisikia yule dada kwetu ni ipi? Ni lile jibu langu. Hajawahi kurudi, mimi ningekuwa yeye nisingerudi.

Wiki iliyopita nilienda kwake, sasa hivi nimezoea kugonga mageti ya watu. Jina lake ninalo, namba ninayo, ameniambia wiki hii yuko zamu ya usiku, kwahiyo mchana ndio analala, anaamka saa kumi na moja jioni kujiandaa. Sasa hivi ni saa tisa na dakika ishirini. Na mimi nimekuwa napiga kelele hapa kwa dakika arobaini na hizo spika za nje zinaunguruma.

Kijana wa mitambo, wewe hapo mwenye kofia. Zima za nje. Zote mbili. Ngoja tusikie… ehee. Waliokaa nyuma sogeeni mbele, kwaya mtaimba bila maiki.